Mhusika Wangu wa Kwanza Aliitwa Zaina

Mwezi uliopita, baada ya kukata keki ya kuniaga na kunipa ile saa ya ukutani ambayo tangu niitundike haijakubaliana na adhana hata siku moja, mliniomba niwaachie mwongozo wa kazi: namna ya kumtungia mhusika maisha yake ya nyuma. Nimehangaika nao wiki tatu. Niliandika kurasa mbili, nikazisoma, kisha jirani akazifungia vitumbua, na sikumzuia. Basi nawaandikia nilivyoingia kwenye kazi hii na nilipokosea, maana hayo ndiyo ninayoyajua kwa hakika. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo nilipewa, na tofauti niliyoiona ilikuwa kwenye kiti.

Kabla ya yote nilikuwa mpiga chapa bandarini Bujumbura, katika ofisi ndogo ya watu wa kutoa mizigo. Kutwa napiga chapa orodha za shehena: chumvi, mabati, sabuni, mawese, jina la meli, jina la mwenye mali, imetoka Kigoma au Kalemie. Kazi ile ilinifundisha kitu ambacho sikukipata shuleni. Mtu anayedanganya juu ya mzigo hakosei mambo makubwa. Meli ataitaja, siku ataitaja. Atakwama ukimwuliza magunia yalishonwa kwa uzi wa rangi gani. Niliyaona hayo mara nyingi mpaka nikawa nawaonea huruma.

Vita vikaja, kisha nchi jirani zikatufungia mipaka, meli zikawa za kuhesabu kwa vidole na ofisi ikafunga mlango. Nikabaki nyumbani kwa Mama, mtaa wa Buyenzi, njia ya kumi na tano. Kwetu njia zina namba, na mtu akitaka kukujua anakuuliza njia ya ngapi, basi. Anayetaka kujua zaidi ya hapo ana lake jambo.

Miaka ilipita nikishona na kuuza uji, mpaka nikasikia kwamba pembeni ya soko la Jabe kuna mwalimu Mkongomani anatafuta watu wanaojua Kifaransa na wanaopiga chapa bila kutazama vidole. Nilimkuta ndani ya siberi, lile duka la intaneti, lenye kompyuta nane ambazo sita zilikuwa hai. Aliitwa Mwalimu Byamungu. Alikuwa akifundisha historia Uvira mpaka vita vya kwao vikamvusha mpaka huku na mkoba mmoja wa vitabu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa tai kila siku, hata siku ambazo jenereta ilitujaza moshi sote tukatoka nje kukohoa.

Kazi alinieleza hivi. Kuna kampuni ndogo ng'ambo ina mchezo kwenye intaneti. Picha za maana hakuna. Ulimwengu wote ni maandishi. Mchezaji aliye kwenye mji wa baridi huko anaandika "nafungua mlango", na lazima mtu awe ameshaandika kuna nini nyuma ya mlango, amekaa nani, na amefikaje pale. Wachezaji walikuwa wengi kuliko waandishi, ndipo kampuni ikamtafuta Mwalimu, naye akatutafuta sisi. Siku za matukio makubwa mmoja wetu anakaa kwenye kompyuta na kumchezesha mhusika mwenyewe, akiwajibu wachezaji papo hapo. Kulikuwa na mazimwi, wachawi, mbilikimo wa migodini na viumbe wa msituni wenye masikio marefu. Zimwi langu la kwanza nilimpa tabia za shangazi yangu wa Nyanza-Lac, na wachezaji walimwogopa sana.

Siku ya kwanza Mwalimu alinipa fishi, karatasi ya mhusika. Juu kabisa iliuliza: Kabila. Chini yake: Mahali pa kuzaliwa. Chini yake tena: Jina la baba. Kalamu ikanigandia mkononi. Kumbukeni ilikuwa miaka gani. Milio ilikuwa ikisikika kutoka milimani asubuhi na watu wanakwenda kazini, na katika mji wetu maswali yale matatu, kwa mpangilio ule ule, yalikuwa yameshaua watu niliowajua kwa sura.

Mwalimu akaniona. "Dada, iko nini?"

"Mwalimu, haya maswali mi siyapendi."

"Na mi pia siyapendi. Njo maana tunayaandikaka mwisho." Akaweka kidole chini kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa mwisho. "Anzia huku. Anaogopa kupoteza nini? Ukishajua hiyo, panda juu pole pole. Nani alimufundisha kazi. Nani atamufungulia mulango. Kabila utaiandika kisha, na utaona haina kazi mingi."

Nimejaza fishi kutoka chini kwenda juu mpaka siku mliyonikatia keki. Kama mnataka mwongozo, huo ndio, na ni wa Mwalimu Byamungu, si wangu.

Halafu akaniuliza, "Umesha kutengeneza mutu?"

Nikasema, "Apana." Ulikuwa uongo, na sasa niwaeleze uongo wenyewe.

Mwaka wa pili wa vita, mchana, msichana wa miaka kama kumi na minane aliingia uani kwetu hana viatu. Mtaa wa kwao ulikuwa umechomwa asubuhi ile. Ndugu zake walikimbia huku na yeye huku. Mama alimtazama, akampa maji, akamwambia avue gauni lake, akampa kanga na mtandio. Hakumwuliza kabila. Alimwuliza jina, msichana akalitaja, na Mama akatikisa kichwa. Majina ya Kirundi yanasema mambo. Ukilisikia la mtu unaweza kujua wazazi wake walikuwa wakipita katika nini alipozaliwa, na mwenye masikio mabaya atajua mengine zaidi.

"Jina nzuri," Mama akasema. "Iweke. Kuanzia leo we ni Zaina, mutoto wa binamu yangu wa Rumonge."

Yaliyobaki aliniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa ofisi. Nikafanya kazi. Baba yake Zaina nilimfanya fundi mwashi, Ramadhani, marehemu. Nilimpa mama aliyeolewa tena, ili pasiwe na mtu wa kumwuliza anatuma nini nyumbani. Lafudhi yake ya kilimani niliipatia bibi mmoja kule juu aliyemlea mpaka miaka kumi. Nilimfundisha Fatiha, nikamfundisha Kiswahili chetu, nikamwambia rangi ya mlango wa msikiti ambao hajauona. Kila nikikumbuka wale watu wa mizigo bandarini nilikuwa naongeza kitu: kovu, deni la kitambaa, jina la mbuzi. Nilijivunia sana kazi ile, na nawaambia wazi, nilijivunia kupita kiasi.

Wiki ya tatu tulikwenda naye sokoni. Mwisho wa mtaa vijana wenye marungu walikuwa wamesimama wanauliza watu. Mmoja akamshika Zaina mkono. Baba yako nani? Ramadhani, fundi. Wa wapi? Rumonge. Zaina alijibu sawasawa, na mimi nilikuwa nasogeza midomo kama mzazi siku ya mtoto kusoma kasida. Kisha kijana akauliza, "Alizikwa fasi gani?"

Kaburi sikuwa nimelitunga. Zaina akauvuta mkono wake.

"We kijana, unaniuliza kaburi ya baba yangu hapa, katikati ya matomati? Kwenu hamuna wakubwa?"

Yule kijana akatazama chini. "Pita, dada," akasema.

Somo lile nimewafundisha wote bila kuwaambia lilikotoka: mhusika anayejibu kila swali ni mwongo. Mtu wa kweli huchoka kuulizwa maisha yake. Mkimtunga mtu, mwacheni akasirike mahali fulani.

Zaina alibaki kwetu. Ndugu zake tuliwatafuta kwa watu wa kuaminika, kimya kimya, hatukupata habari. Alijifunza kushona, kisha kupiga chapa kwenye mashine yangu kuukuu, na siku moja nilimwona anaswali alfajiri wakati hakuna mtu wa kumwangalia, nikajua hilo halikuwa tena kwenye fishi yangu. Jina lake la kwanza tulilijua watatu tu, yeye, Mama na mimi. Hatukulitamka hata ndani ya nyumba. Nilipopata kazi kwa Mwalimu nilimvuta naye, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, na kwa kuwachezesha wahusika mbele ya wachezaji hakuwa na mfano. Alijua kunyamaza, na ninyi mnajua jinsi kunyamaza kulivyo kugumu kwa maandishi.

Tulifanya kazi kwa zana mlizozicheka mlipoziona kabatini. Intaneti ilikuwa kama maji ya bomba, inakuja inapotaka, kwa hiyo tuliandika kwanza kwenye daftari za miraba, tukapiga chapa, tukaweka kwenye disketi, na mstari ukifunguka tunakimbilia kutuma. Fishi tulizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mteja mmoja wa siberi aliuliza kama tunafua karatasi. Mwalimu akamjibu kwamba tunafua watu.

Miaka miwili hivi baadaye Zaina akachumbiwa. Mchumba alikuwa Saidi, fundi wa gereji wa njia ya nane, mtu mpole mwenye kucha nyeusi. Zaina alimweleza yote yeye mwenyewe, na Saidi akasema kwamba yeye anaoa mtu, haoi Rumonge. Lakini nikah ni jambo lingine. Kwenye nikah bibi arusi hutajwa kwa jina lake na la baba yake mbele ya mashahidi, na anahitaji walii, mwanamume wa ukoo wake wa kumwozesha. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa ameshamwuliza Mama mara mbili: wale baba wadogo wa Rumonge watafika lini? Mimi nilikuwa tayari kutunga baba mdogo. Zaina akakataa.

"Hapo mi sitasema Ramadhani," akaniambia. "Nitasema jina yangu mi mwenyewe, kwa mudomo yangu, mbele ya watu. Miaka yote hii ninaiweka kwa siku hiyo."

Nilimsikia. Nataka mjue kwamba nilimsikia vizuri kabisa, kwa sababu ndipo lilipo kosa langu.

Miezi michache kabla ya arusi, kampuni ilitaka mhusika mkubwa ndani ya siku tatu: mlinzi wa lango la nchi mpya. Alitakiwa awe na jina la siri. Wachezaji wangemhoji wiki nzima, na Jumamosi jioni jina lingefichuliwa na lango kufunguka kwa aliyelibahatisha. Mwalimu alikuwa amelazwa na malaria nyumbani kwake. Nilikuwa nimekauka, siku mbili nilikaa na daftari jeupe. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikaandika: alifika mlangoni hana viatu. Sikuinua kichwa mpaka alasiri. Niliandika uani, maji, mtandio, mama anayempa mgeni jina. Sijawahi kuandika vizuri vile, kabla wala baada.

Lilibaki jina la siri. Nilijaribu majina kumi, yote yakawa kama viatu vya kuazima. Mwisho nikapiga chapa la Zaina, lile la kweli, nikatuma. Nilijiambia watu wa ng'ambo watajua nini. Ukweli ni kwamba nilitaka hadithi yangu iwe nzuri, na kwa dakika zile nilitaka hilo kuliko kitu kingine chochote.

Aliyepangwa kumchezesha mlinzi alikuwa Zaina. Jumanne mchana alikaa, mimi nikiwa kiti cha pili nakula sambusa. Wachezaji wakaanza. Unatoka wapi? Baba yako ni nani? Jina lako la kweli nani? Mwanzoni alikuwa anacheka na kuwajibu kwa mkato. Kisha nikasikia kibodi yake imenyamaza. Alikuwa ameifungua fishi ili ajue mlinzi wake anaficha nini.

"Mariamu," akasema. Hakuniita dada.

"Zaina, ni mchezo tu. Ni wazungu, hawajue—"

"Iko mumoja hapa anaandika Kirundi. Tazama. Yuko siberi ya hapa mujini." Hakupandisha sauti. "Jina yangu haikuwa yako ya kuandika. Nilikuwa nayo hiyo moja tu. We umeipa wageni waichezee."

Akachukua mkoba wake akatoka. Jioni sikumkuta nyumbani. Alikuwa amehamia kwa rafiki yake mshonaji, mtaa wa Bwiza. Mama alipojua hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Alikaa kitandani akanitazama.

"Miaka tisa nimemuficha huyu mutoto. Watu walikuja na mapanga, nikamuficha. We umemutoa inje kwa ajili ya mashetani yako ya masikio marefu."

Nilikwenda kwa Mwalimu. Alinisikiliza amejifunika blanketi, jasho linamtoka. Nilidhani ataniambia ni kosa dogo. Akaniambia, "Hii ni kosa kubwa, dada, na kulia hakutaifuta," akaomba kalamu. Jina lilikuwa kwenye mashine za kampuni na huko ndiko lingebadilishwa. Sisi tungeweza kuomba tu. Aliandika barua kwamba kosa ni lake, yeye mkuu wa waandishi, na kwamba kama wanataka kuvunja mkataba wavunje naye. Nilimwambia hilo si kweli. Akasema yeye amefundisha historia miaka ishirini, anajua kuandika ambacho si kweli.

Jumatano mstari ulikatika mji mzima. Alhamisi pia. Nilizunguka siberi zote na disketi mkononi. Nilikuwa nikiomba Mungu barabarani kwa sauti, watu wakinipisha. Ijumaa, baada ya swala, mstari ukafunguka, barua ikaenda, na jioni jibu likaja la maneno mawili: tumepokea, tumebadilisha. Mlinzi alikuwa amepewa jina jingine lisilo na maana yoyote. Kazi hatukufukuzwa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya siberi mpaka mwenye duka akauliza kama nimeanguka.

Nilipeleka habari Bwiza. Zaina hakutoka, rafiki yake alizipokea mlangoni.

Jumamosi mchana nilikaa kumchezesha mlinzi mwenyewe, kwa kuwa mtu mwingine hakuwepo. Wachezaji walikuwa wamejaa, wanabahatisha majina. Nikahisi mtu nyuma yangu.

"Toka kwa kiti," Zaina akasema.

Nikatoka. Akakaa, akasoma maswali yao kwa muda, kisha akaandika: Nani anauliza? Mmoja akajibu kwa jina lake la mchezo, bwana fulani wa ngome fulani. Zaina akaandika: Hilo umejipa jana. Nani anauliza? Akaliuliza kwa kila mtu, bila kuchoka. Wengine walitukana wakaondoka. Mwisho mchezaji mmoja, aliyekuwa kimya wiki nzima, akaandika jina la kawaida kabisa, la mtu, na kwamba tangu mama yake afariki hakuna anayemwita hivyo. Kazini wanamwita kwa jina la ukoo. Zaina akatazama kioo. Kisha akaandika: Pita.

Na akawapitisha wote waliokuja na kitu chao wenyewe, mmoja mmoja, mpaka saa kumi na mbili. Kwenye hadithi ya kampuni hayo hayakuwepo. Walitukaripia kwa barua ndefu, na wiki iliyofuata wakatuomba milango mingine kama ule.

Alipomaliza akazima kompyuta. "Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Lakini siku ya nikah utakaa pembeni yangu. Na mudomo yako uifunge."

Ningeweza kuwaandikia mengi yaliyofuata: michezo minne niliyoiandikia, picha zilipoingia na maandishi yakafupishwa, Mwalimu Byamungu aliporudi kwao na tai yake, na jinsi nilivyopata habari ya kifo chake nikashindwa kufanya kazi siku tatu. Alinibebea kosa langu na hakunikumbusha hata mara moja. Nikisema nashukuru, naanzia kwake. Lakini haya yote mtayakuta kwenye kabati. Nikah haimo kwenye kabati.

Ilikuwa baada ya Idi, nyumbani kwetu. Wanaume walikuwa nje chini ya hema, wanawake ndani, chumba kimejaa majirani wa njia yetu na harufu ya udi. Nilikaa pembeni ya Zaina, kimya kama nilivyoagizwa. Akisema Ramadhani, ndoa yake imejengwa juu ya uongo wangu. Akisema kweli, njia nzima itajua kwamba Mama aliwadanganya miaka kumi, miaka ambayo mtu kama yeye akionekana kwenye nyumba moja, nyumba zote za jirani zingeweza kuchomwa. Walikuwa na haki ya kukasirika. Niliwatazama nyuso zao nikawaogopa, hao hao waliokuja na sahani za pilau.

Sheikh akaja mlangoni na mashahidi wawili, pazia katikati. "Bibi arusi, jina lako na jina la baba yako."

Zaina akavuta pumzi akalitaja jina lake. Kisha la baba yake. Siyaandiki hapa, walioyasikia wameyasikia kwake.

Sheikh akaomba arudie, naye akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na mara ile ya pili sauti yake ilikuwa na furaha.

"Na ndugu zako wa kiume?"

"Sijue wako wapi, sheikh."

"Basi walii wako ni mimi," sheikh akasema, akarudi kwa wanaume.

Nilikuwa nangojea hasira zao. Mama Tausi, jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee kuliko wote mle ndani, akaendelea kupanga sambusa kwenye sahani.

"Eh," akasema, "jina nzuri hivyo, mulikuwa munaificha kwa nini?"

Nikasahau kwamba niliambiwa nifunge mdomo. "Mama Tausi, mulijua?"

"Tulijua siku ya kwanza! Mutu wa Rumonge gani hajue kupika ndagala, dagaa ya ziwa yao? Alikuwa anazitoa macho moja moja kama anafumua nguo." Wanawake wakaangua kicheko. "Na ile bibi yako ya kilimani, Mariamu! Ile tuliichekaka sana. Kila mutu wa njia hii aliijua kwa moyo. Wale vijana wa marungu walipokuja kutuuliza, kila nyumba iliwaambia ile ile, na mbuzi yake."

Miaka kumi nilikuwa nimeamini kwamba Zaina aliishi kwa sababu niliitunga vizuri. Kumbe fishi yangu ilikuwa na matundu kama chandarua kuukuu, na njia nzima ilisimama mbele ya kila tundu, nyumba kwa nyumba, bila kutuambia.

"Walikuja kuwauliza?" nikasema. "Na nyinyi hamukutuambia? Hamukusema kitu?"

Mama Tausi akanishangaa, kama nimeuliza kwa nini watu hula.

"Tuseme nini, mutoto wangu? Alikuwa Zaina wetu."

Nililia pale pale, kwa sauti, mpaka wanaume nje wakadhani kuna msiba. Zaina akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, na hakuuachia mpaka walipokuja kumchukua.